Bia Nyeusi ya Nafaka Tupu: Je, Karatu Yaweza Kuipika Nyumbani?

Mkanganyo wa majina

Katika nchi ambayo jina moja la pombe ya kienyeji hubebeshwa vinywaji vinne au vitano visivyo na udugu, si ajabu kwamba mtu wa Karatu akitangaza azma ya kupika bia nyeusi jikoni mwake, kwa nafaka aliyoivuna mwenyewe, jirani mmoja atamwambia kuwa atafungwa, wa pili kuwa atapofuka macho, na wa tatu kuwa jambo hilo ni muhali kwa sababu bia ni kazi ya mitambo. Kila mmoja wao ana chembe ya ukweli mkononi, ila ameiokota mahali pasipohusika. Ataja kifungo yule aifikiriaye gongo, pombe ya moshi, ambayo hukenekwa kwa moto na mvuke, na ambayo ilitungiwa sheria yake mahsusi mwaka 1966. Ataja upofu yule akumbukaye pombe zilizochanganywa na spiriti ya viwandani, mfano wa ile iliyoua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi mwezi wa Novemba 2000. Na ataja mitambo yule ambaye bia kwake ni ile nyepesi ya rangi ya dhahabu, ambayo kweli hutaka baridi ya jokofu kwa majuma mengi kabla haijaiva. Tangu viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vipigwe marufuku nchini Tanzania mwezi wa Machi 2017, mazungumzo ya vileo yamezidi kuvurugika, kwa kuwa neno moja la lawama limetandazwa juu ya vitu vyote kama turubai juu ya mizigo ya watu mbalimbali.

Ambaye dini yake imemharimishia khamri hana haja na mizani ya makala haya, wala hayakusudii kumbembeleza. Kwa wengine suali ni hili: katika nyanda hizi za juu zilizo baina ya ukingo wa Bonde la Ufa na msitu wa Ngorongoro, ambako shayiri, ngano, mahindi na ulezi humea katika shamba moja au mashamba ya jirani, ni nafaka ipi ifaayo kwa bia nyeusi ya nyumbani, kwa njia gani, na kwa gharama ya nini? Majibu yanayosikika ni matatu, na kila moja lina watetezi wenye akili timamu.

Weusi ulikotoka

Ni muhimu kwanza kujua weusi wa bia hii ni kitu gani, maana wengi hudhani ni ladha ya siri au ni dawa. Bia nyeusi ilizaliwa London katika karne ya 18, ikawa kinywaji cha wapagazi na makuli wa mjini, na ile iliyokuwa kali zaidi ndiyo iliyopewa jina la stauti. Hapo mwanzo nafaka yake yote iliyooteshwa, yaani kimea, ilikaushwa juu ya moto wa kuni mpaka ikawa kahawia, lakini wapikaji walipoanza kukipima kinywaji chao kwa haidromita, chombo kinachoonyesha wingi wa sukari, mwishoni mwa karne hiyo, waligundua kwa mshangao kwamba kimea cha kahawia, ijapokuwa bei yake ilikuwa rahisi, kilitoa sukari kidogo mno kikilinganishwa na kimea cheupe, hata wakawa wanalipa fedha nyingi zaidi kwa ulevi mdogo zaidi. Wakahamia kimea cheupe. Nacho kikawanyima rangi. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma la kukaangia kimea, lililofanana na la kukaangia kahawa, na tangu siku hiyo kiasi kidogo cha nafaka iliyoungua karibu na kuwa makaa kimetosha kuitia rangi bia yote iliyobaki. Miaka 63 baadaye, Uingereza ilipofuta kodi ya kimea mwaka 1880, wapikaji wa dola yake, nao wa Dublin wakiwemo, ambako Arthur Guinness alikuwa amekodi kiwanda chake mwaka 1759, waliruhusika kukaanga hata shayiri ambayo haikuoteshwa kabisa, na huo ndio uchungu mkavu unaojulikana leo.

Nimeirefusha hadithi hii kwa makusudi, kwa kuwa ndani yake umo ufunguo wa mjadala wetu. Weusi ni natija ya hesabu ya gharama na kodi. Nafaka iliyoungua ni sehemu moja tu katika kumi. Na kazi nzito hufanywa na zile tisa zisizoonekana. Atakaye ushahidi wa karibu zaidi na aitazame Nigeria, ambayo mwaka 1988 ilizuia shayiri na kimea chake visiingie kutoka ng'ambo, wapikaji wa bia nyeusi nchini humo wakalazimika kugeukia mtama na mahindi, na wanywaji wakaendelea kunywa. Kwa hiyo anayesema kwamba bila shayiri hakuna bia nyeusi amekwisha kanushwa na soko. Na anayesema kwamba kinywaji hicho huongeza damu, imani iliyochochewa na matangazo ya Guinness yaliyoanza Uingereza mwaka 1929, ajue kwamba nusu lita na ushei yake ina madini ya chuma yasiyofika nusu miligramu, kiasi ambacho fungu la mchicha hukipita bila jitihada.

Ardhi, hewa na maji

Mji wa Karatu uko kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro umeupita kwa mita 800 hivi. Kimo hiki kina athari mbili katika sufuria, moja ya heri na moja ya taabu.

Ya heri ni ubaridi. Hamira ya bia nyeusi hupenda joto la nyuzi 18 hadi 20, na nyumba ya matofali ya Karatu, hasa baina ya Juni na Agosti, humpa mpikaji joto hilo au pungufu yake kidogo pasipo jokofu wala umeme. Bia nyepesi ya dhahabu hutaka nyuzi kumi kwa majuma. Kwa hiyo, kama mtu hana mashine ya baridi, bia nyeusi ndiyo iliyo jirani zaidi na uwezo wake, jambo ambalo ni kinyume cha dhana ya wengi wanaodhani kwamba rangi nzito ni dalili ya kazi nzito.

Ya taabu ni kwamba maji ya Karatu huchemka kwenye nyuzi 95, na ya ukingoni mwa kreta kwenye nyuzi 92 au zaidi kidogo. Hopsi, lile ua la mtambaa linalotia bia uchungu na kuizuia kuharibika, hutoa uchungu wake polepole zaidi kadiri mchemko unavyokuwa baridi, na kilichomtosha Mwayalandi kwa saa moja kitamchukua mtu wa Karatu saa moja na nusu. Nusu saa hiyo ni kuni. Na kuni katika wilaya inayopakana na msitu uliohifadhiwa si kitu cha kutamkwa kwa wepesi.

Ama kuhusu maji yenyewe, wapenzi wa habari hizi hupenda kusema kwamba maji ya Dublin, yenye chokaa nyingi, ndiyo yaliyoizaa bia nyeusi, kwa kuwa ukali wa nafaka iliyoungua husawazisha ugumu wa maji hayo. Kauli hii ni sahihi kuhusu kusawazisha tu, maana bia nyeusi ilizaliwa London, na kwa kiasi fulani yawafaa wenye visima vya nchi za volkano, ambavyo maji yake aghalabu yana magadi. Ila magadi siyo chokaa, na maji yenye magadi mengi hutoa bia yenye ladha ya sabuni. Juu ya hayo kuna floraidi, balaa inayojulikana sana mkoani Arusha kwa meno ya kahawia, ambayo haitoki kwa kuchemsha. Kinyume chake, maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki na kuzidi ukali. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwenye maji ya chemchemi ya msituni au maji ya mvua ana msingi bora kuliko mwenye kisima kirefu asichokipima.

Rai ya kwanza: shayiri, kama Ulaya

Watetezi wa shayiri wana hoja iliyo mlangoni mwao. Kwa miaka mingi wakulima wa nyanda za Karatu na Monduli wamelima shayiri ya bia kwa mikataba na viwanda, ikapelekwa Moshi kufanywa kimea, na kisha ikarudi Karatu ndani ya chupa kwa bei ambayo mkulima mwenyewe huitafakari mara mbili. Kwa nini, wauliza, nafaka isafiri safari hiyo yote ili imrudie aliyeilima?

Kwa elimu ya mambo, shayiri haina mpinzani. Ikiota hujaa vimeng'enya, yaani nguvu za maumbile zinazokata wanga na kuugeuza sukari; wanga wake hulainika kwenye nyuzi 60 hadi 65, joto lile lile ambalo vimeng'enya hivyo hufanya kazi; na ganda lake gumu, baada ya sukari kutoka, hutulia chini ya chombo na kuwa chujio la asili. Mambo haya matatu kukutana katika punje moja ni bahati ambayo mtama haukujaaliwa.

Nakisi yake ni kwamba shayiri ya ghalani siyo kimea, na hapa ndipo wengi hukwama, wakidhani kuwa kupika ndiko kugumu ilhali ugumu umetangulia. Shayiri iliyovunwa jana hailazimiki kuota leo. Hulala usingizi wa majuma kadhaa, na mwenye busara huhesabu kwanza punje 100, akazilaza katika kitambaa kibichi, na zisipochipua 95 huahirisha kazi. Kisha huiloweka kwa siku mbili, akiimwaga maji kila baada ya saa nane ili punje zipate kuvuta pumzi; huitandaza gunia juu ya sakafu ya saruji, kina cha kiganja kimoja; huigeuza asubuhi na jioni kwa siku tano au sita, mikono ikihisi joto linalopanda kutoka ndani ya rundo. Vijizizi vyeupe huonekana siku ya pili, lakini hivyo siyo kipimo. Kipimo ni chipukizi lililojificha chini ya ganda: punje hupasuliwa kwa ukucha, na chipukizi likifika robo tatu ya urefu wa punje, kazi husimamishwa kwa kuianika. Jua la mchana la Karatu latosha kwa siku za mwanzo. Moto ukitumika mapema, ukapita nyuzi 50 nafaka ingali mbichi, vimeng'enya hufa, na mpikaji atakuwa na chakula kizuri cha kuku.

Nakisi ya pili ni hopsi. Mmea huu hutaka siku ndefu za kiangazi, na Karatu, iliyo nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, huwa na mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Hata Afrika Kusini, katika mashamba ya George, ililazimu kutafuta mbegu zinazostahimili mchana mfupi. Basi hopsi sharti ziagizwe. Walakini pipa la lita 20 halitaki zaidi ya gramu 40 au 50 zake kavu, mzigo unaoingia katika bahasha, na sioni kwa nini jambo hili hutajwa kama kizuizi kikubwa na watu wale wale wanaoagiza viatu kutoka ng'ambo.

Rai ya pili: mtama na ulezi, kama mababu

Kundi la pili husema kwamba elimu ya kimea haikuletwa na Mzungu yeyote. Wairaqw walikuwa na pombe yao ya nafaka, buura, kabla shayiri haijajulikana katika nyanda hizi. Wachaga wana mbege, ambayo ni ndizi zilizochachushwa pamoja na kimea cha ulezi. Na katika kila soko la kaskazini mwanamke wa makamo ajua kwa kugusa tu kama kimea kimekomaa. Maarifa hayo hayakubaki katika pombe peke yake, kwani Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliwahi kuhimiza kimea kitiwe katika uji wa watoto wachanga, ili uji mzito ulainike na mtoto apate chakula kingi katika bakuli dogo. Kimeng'enya kilainishacho uji wa mtoto ndicho kilainishacho maji ya bia.

Katika Hifadhi ya Ngorongoro kwenyewe mambo ni mengine. Kilimo kilipigwa marufuku huko mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kisha kikazuiwa tena mwaka 2009. Nafaka hupanda mlima kutoka Karatu kwa kununuliwa, na kinywaji cha asili cha Wamaasai ni cha asali, kilichochachushwa kwa mizizi ya osuguroi, ambao ni mshubiri wa porini. Kwa hiyo anayezungumzia bia ya nafaka ya Ngorongoro azungumzia, kwa hakika, nafaka ya Karatu iliyobadilisha anwani.

Nguvu ya rai hii ni kwamba vifaa vipo, mbegu zipo, na ujuzi upo mtaani. Lakini nafaka hizi mbili hazilingani, na kuzitaja kwa pumzi moja ni kosa linalofanywa mara nyingi. Mtama hutaka joto la nyuzi 25 hadi 30 ili uote vizuri, hivyo utachipua kwa raha Mang'ola, kandokando ya Ziwa Eyasi, na kwa kusuasua katika Karatu ya Julai. Wanga wake hulainika kwenye nyuzi zipatazo 70 na zaidi, joto ambalo tayari limekwisha kuviua vimeng'enya vilivyo dhaifu, na vya mtama ni vichache tangu mwanzo. Hauna ganda la kuchujia. Na chipukizi lake lina asili ya sumu ya sianidi, ambayo hupunguzwa kwa kukausha vyema na kuvisugua vijizizi vikaondoka. Wapikaji wa zamani hufanya hivyo kwa mazoea bila kulijua jina la sumu. Ulezi, kwa upande wake, ingawa punje yake ni ndogo kama kichwa cha sindano na kuisaga ni adhabu, una vimeng'enya vingi kupita mtama, na ndio maana Wachaga waliupa kazi ya kuichachua ndizi.

Hitilafu kubwa kati ya pombe ya kienyeji na bia nyeusi haimo katika nafaka, imo katika moto wa pili. Buura na ndugu zake hazichemshwi baada ya sukari kutoka. Huachwa zipoe zikiwa na viumbe vyote vilivyokuja na nafaka, na bakteria wa maziwa lala huzitia ukali wakati ule ule hamira inapotia ulevi. Hunywewa zikiwa bado zinafoka, siku ya pili au ya tatu, na siku ya tano ni siki. Ukali huo ni kinga: vijidudu vingi vya maradhi havistahimili. Ila siyo kinga ya kila kitu. Mwezi wa Januari 2015 katika mji wa Chitima, mkoani Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani. Uvumi ukasema nyongo ya mamba, na uchunguzi wa maabara ukaja kuonyesha sumu ya bakteria aliyeota katika unga wa mahindi ulioharibika. Mwaka uliofuata, hapa hapa nchini, sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi ya Dodoma na Manyara iliua watu takriban 20. Kuvu hupenda nafaka iliyolowa na kukaa katika joto, na kuotesha kimea ni kuilowesha nafaka na kuiweka katika joto. Aonaye ukungu wa kijani au mweusi juu ya kimea chake hana la kuchagua ila kukifukia, hata kama kilimgharimu debe zima.

Jambo la uchungu pia lina jibu la kienyeji, nalo ni msesewe, gome ambalo Wachaga hulitia katika mbege. Rangi yake na uchungu wake vingepatana vizuri na bia nyeusi. Walakini mti huo ni wa ukoo mmoja na ule wa Bara Hindi uliotoa dawa ya kushusha shinikizo la damu, na kipimo cha msesewe hujulikana na mikono iliyozoea. Mgeni katika sanaa hii asianzie hapo.

Rai ya tatu: kiachieni kiwanda

Kuna wanaosema kwamba ubishi wote huu ni upotezaji wa kuni. Bia nyeusi huuzwa katika kila baa ya barabara kuu ya Karatu. Kiwanda cha bia cha Serengeti hupika Guinness, na Tanzania Breweries huuza Castle Milk Stout. Chupa hizo zimepimwa, zimelipiwa ushuru, na hazimpasui mtu uso kwa gesi iliyozidi. Kilo tano za nafaka zinazotoa lita 20 za bia zingetosha ugali wa nyumba ya watu sita kwa siku mbili, na katika mwaka wa ukame hoja hiyo ina uzito wa jiwe. Fauka ya hayo, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yamtaka auzaye vileo awe na leseni, na mpaka kati ya kupika kwa ajili ya nyumba na kupika kwa ajili ya jirani anayeacha noti mezani ni mwembamba.

Hoja ya leseni ni ya haki kwa muuzaji, si kwa atakaye kujua sanaa. Nchi nyingine zimeupitia mjadala huu: Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa mpikaji wa nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikafuata kwa sheria ya mwaka 1978, na viwanda vyao havikufa. Hoja ya chakula hupungua makali kwa kuwa machicha, ambayo hubaki na sehemu kubwa ya protini ya nafaka, humwendea ng'ombe wa maziwa au nguruwe, na Karatu hakuna mfugaji ayakataaye. Hoja ya chupa kupasuka ni ya kweli kabisa: sukari ya kutia gesi isizidi gramu sita au saba kwa lita, na kabla ya hapo bia sharti iwe imekwisha kuchacha, yaani haidromita itoe kipimo kimoja kwa siku tatu mfululizo. Kwa asiye na subira hiyo, rai ya tatu ndiyo rai sahihi, na si aibu.

Mizani

Tukiziweka rai hizi mizanini kwa insafu, ya kwanza ina nafaka bora na inakosa ujuzi wa kienyeji wa kuiotesha. Ya pili ina ujuzi na inakosa moto wa pili. Ya tatu haina taabu na haimfunzi mtu lolote. Dhahiri ni kwamba kosa la watetezi limekuwa kuzifunga nafaka na njia pamoja, kana kwamba mwenye shayiri amelazimika kufuata Dublin katika kila hatua na mwenye ulezi amelazimika kufuata kilabu. Nyumba ya Karatu yaweza kuchukua kimea cha shayiri sehemu sita, kimea cha ulezi sehemu tatu, na shayiri iliyokaangwa sehemu moja: kwa pipa la lita 20, ni kilo tatu, kilo moja na nusu, na nusu kilo. Ganda la shayiri litauchujia ulezi, na likionekana halitoshi, konzi kadhaa za makapi ya mpunga kutoka Mto wa Mbu, yaliyooshwa, zitaongeza nafasi ya maji kupita. Mtama uachwe Mang'ola kwa wanaoujulia.

Nusu kilo ile hukaangwa katika chungu kizito, kwa moto mdogo, kwa mwiko usiopumzika, kama zinavyokaangwa buni za Oldeani katika majiko ya wilaya hii. Hupita katika harufu ya mkate, kisha ya karanga, kisha ya kahawa. Na punje ikivunjwa kwa meno, ndani iwe rangi ya chokoleti iliyokolea. Ikifikia moshi mkali wenye kuwasha macho, imepita, na bia itakuwa na ladha ya jivu.

Kuhusu joto la kukanda nafaka, yaani kuiloweka katika maji ya moto ili wanga ugeuke sukari, joto ambalo ni roho ya kazi yote na lapasa kuwa nyuzi 66 hivi kwa saa nzima, asiye na kipimajoto ana hesabu inayomfaa akiwa Karatu na kumponza akiwa pwani. Vyungu vitano vya maji yanayotokota, yaliyo na nyuzi 95, vikichanganywa na viwili vya maji ya mtungi yenye nyuzi 18, hutoa maji ya nyuzi 73; na maji hayo, lita tatu kwa kila kilo ya nafaka baridi, hutua pale pale kwenye 66. Kwa vyungu vivyo hivyo Dar es Salaam, ambako maji huchemka kwenye 100 na mtungi una 27, mchanganyiko hufika 79, nafaka hukandwa katika nyuzi 72 au 73, na bia hutoka tamu, nzito, na hafifu kwa nguvu. Mafunzo mengi ya kupika bia yameandikwa na watu wakaao karibu na usawa wa bahari, na ndiyo maana wanaoyafuata neno kwa neno nyanda za juu hulaumu nafaka yao bure.

Baada ya hapo maji matamu huchujwa, huchemshwa kwa saa moja na nusu pamoja na hopsi, hupozwa upesi, na hutiwa hamira. Ile ya mkate ni jamaa moja na ya bia na itafanya kazi, ingawa haitulii chini vizuri na huacha harufu ya andazi. Ya bia yenyewe, pakiti moja, ni bora. Tangu hapo usafi wa chombo ndio ulinzi pekee, kwa sababu ule ukali wa maziwa lala ulioilinda buura sasa haupo.

Limebaki suali moja, nalo ni kwa nini bia nyeusi haijapikwa katika vilabu vya Karatu ilhali nafaka, baridi na ujuzi wa kimea vimekuwapo miaka yote hii. Mama anayepika pombe Jumatano ili aiuze Ijumaa hurudisha mtaji wake kabla ya juma kwisha, akanunua nafaka nyingine na kulipa ada ya mtoto. Bia nyeusi ingemtaka aufungie mtaji huo ndani ya pipa siku kumi na nne, kisha ndani ya chupa juma jingine au mawili, chupa ambazo nazo sharti azinunue, na mteja wake amezoea kulipia kata iliyojaa. Kwake hesabu haijakubali. Kwa mkulima mwenye magunia mawili ya shayiri ghalani na mshahara unaotoka kwingine, imekubali tangu zamani.